Aliyekataa ajira: kisa cha mlezi mmoja wa Mukuru na fedha za Inua Jamii

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, aliyekataa ajira ya kudumu wakati akipokea fedha za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa kaya maskini. Ukikitazama kwa haraka, kinaonekana kuthibitisha hoja ya wanaosema kwamba fedha za serikali humvunja mtu moyo wa kujitafutia. Nilipokaa naye tukaandika hesabu yake yote kwenye karatasi, hoja hiyo haikusimama. Lakini haikusimama vilevile hoja ya upande wa pili, kwamba ruzuku haiwezi kumfunga mtu mikono kwa namna yoyote.

Ninajitolea katika kamati ya mtaa inayowasaidia walezi wa watu wenye ulemavu, na ninaandika kwa ajili ya wanakamati wenzangu, maafisa wa ustawi na viongozi wa vyama vya akiba wanaokutana na visa kama hiki kila mwezi. Mama mwenyewe ameridhia kiandikwe. Nimemwita Mama Baraka, nimebadilisha mambo machache ya familia yake, na sijamtaja mwajiri, benki, shule wala ofisi yoyote iliyohusika.

Usuli

Mama Baraka analea watoto watatu peke yake tangu mumewe alipoondoka mwaka 2019. Binti wa kwanza yuko sekondari ya kutwa, na kitinda mimba yuko shule ya msingi. Wa kati, Baraka, ana umri wa miaka 11 na ana utindio wa ubongo. Hawezi kutembea, hawezi kukaa bila kuegemezwa, na hulishwa kwa kijiko taratibu kwa sababu akilishwa haraka hupaliwa. Anamfahamu kila anayeingia nyumbani, na hucheka kabla mgeni hajaketi.

Inua Jamii ni mwavuli wa mipango ya ruzuku ya fedha ya serikali ya Kenya. Chini yake kuna ruzuku ya yatima na watoto walio katika mazingira magumu, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2004, ruzuku ya wazee, na ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa, ambayo hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mlengwa. Msingi wake wa kikatiba ni Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachoipa serikali wajibu wa kuwapa hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, awali kikikusudiwa kulipwa kila baada ya miezi miwili, na hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 10 ingawa unga, mafuta na makaa vimepanda mara kadhaa katika kipindi hicho.

Kwa ruzuku ya ulemavu mkubwa, kuwa na ulemavu peke yake hakutoshi. Kaya inatakiwa iwe maskini sana, isiwe inapokea ruzuku nyingine ya aina hiyo, na isiwe na mtu mwenye ajira au kipato cha kudumu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililozaa sehemu kubwa ya yatakayosimuliwa hapa chini.

Mambo yalivyofuatana

Mwaka 2020, baada ya korona kufunga nyumba alizokuwa akifua nguo, Mama Baraka aliingia Kazi Mtaani, mpango wa serikali ulioajiri vijana wa miaka 18 hadi 35 kufanya usafi katika mitaa ya mabanda. Alikuwa na miaka 33. Katika awamu ya pili mfanyakazi wa kawaida alilipwa shilingi 455 kwa siku, nazo zilimfikia kwa simu. Alizibua mitaro kwa miezi kadhaa huku dada yake, aliyekuwa bado Nairobi, akimtunza Baraka. Alipomaliza zamu zake alikuwa amenunua jiko la makaa, sufuria mbili kubwa na kikaango cha chuma, na mwaka uliofuata akafungua kibanda cha chapati, maharagwe na chai kwenye njia ambayo wafanyakazi hupitia wakienda Viwandani.

Dada yake alirudi kijijini. Kuanzia hapo Baraka alibaki asubuhi na jirani, shosho wa miaka zaidi ya 70, kwa malipo ya shilingi 100 kwa siku. Shosho alikubali kukaa naye na kumfukuzia nzi, lakini hakuwa na nguvu ya kumwinua wala ujasiri wa kumlisha. Kwa hiyo kila ilipofika saa sita mchana Mama Baraka alifunika sufuria, akafunga kibanda na kurudi nyumbani kumlisha mwanawe na kumbadilisha. Wafanyakazi wa viwandani hutoka kula saa saba. Alikuwa akifunga saa moja kabla ya wateja wengi kufika, na alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Safari ya kumwandikisha Baraka ilikuwa ndefu: uchunguzi wa daktari katika hospitali ya umma, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha kusubiri awamu ya uandikishaji ifunguliwe, kwa sababu orodha ya Inua Jamii haipokei majina mapya kila siku. Jina lake liliingia katika awamu ya mwaka 2023. Malipo ya kwanza yalimfikia mwaka 2024 yakiwa ya miezi minne kwa mkupuo, shilingi 8,000. Akanunua bunda zima la unga wa chapati, pakiti 12 za kilo mbili, kwa bei ya jumla, akaokoa kama shilingi 20 kwa kila pakiti, na akalipa deni la karo ya binti yake.

Baada ya hapo ukaja ukimya. Fedha hazikuingia wakati zilipotarajiwa, na mwezi uliofuata hazikuingia tena. Alikuwa amekwisha kuchukua mkopo wa Hasla, mfuko wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, akitegemea kuulipa kwa ruzuku hiyo. Mkopo huo wenyewe ni wa bei nafuu: kwa shilingi 1,000 za siku 14, riba ya asilimia 8 kwa mwaka ni kama shilingi tatu tu, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa kuwa akiba ya mkopaji. Siku 14 zikapita, mkopo haukulipwa, na kiwango chake cha kukopa kikagota. Akaenda kwa shailoki wa mtaani, yaani mkopeshaji binafsi wa riba kubwa, ambaye kwa kila shilingi 1,000 alidai 1,300 mwisho wa mwezi. Ruzuku ilipoingia hatimaye, sehemu kubwa ilipita mikononi mwake siku hiyo hiyo.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulifahamu mpaka mwaka uliofuata. Wateja wake wengi walitaka kulipa kwa simu. Hakutaka kuchukua namba ya biashara, akawa anawapa namba ya dada yake aliye kijijini, ambaye humrudishia fedha jioni na kukatwa ada ya kutuma. Fundi alijitolea kumwandikia bango la kibanda bila malipo, akakataa. Alipewa nafasi ya kibanda cha pili karibu na lango la kiwanda, akamwachia mwanamke mwingine. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu: "Mzee, wakiniona niko na biashara mbili watasema niko na mshahara, na watoe jina la Baraka."

Ajira iliyokuja

Mapema mwaka 2025 mteja wake mmoja, msimamizi katika kiwanda, alimpatia nafasi ya usafi ya kudumu. Mshahara ulikuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi, ambacho baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Alipewa wiki moja ya kufikiri. Alikataa.

Habari zikaenea haraka. Katika kikao cha kamati mzee mmoja, mtu mwadilifu ambaye amewasaidia wengi mtaani, alisema waziwazi kwamba hivyo ndivyo fedha za bure zinavyofanya, na akakumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wengi waliitikia. Kikao kikanituma nikazungumze na Mama Baraka, na baadhi walinitarajia nirudi na pendekezo la jina lake kuondolewa.

Hii ndiyo hesabu tuliyoiandika naye, yeye akitaja bei na mimi nikijumlisha.

Kutoka kwenye mshahara wa shilingi 16,113, mchango wa asilimia 6 wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ungekata 967, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 ingekata 443, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ingekata 242. Kodi ya mapato haipo kwa kiwango hicho. Mkononi zingebaki takriban shilingi 14,460. Angekwenda kazini kwa miguu, kwa hiyo nauli haikuwepo. Lakini zamu ya kutwa nzima ilihitaji mtu mwenye nguvu za kumwinua Baraka, kumlisha na kumbadilisha, na wa bei ya chini kabisa aliyempata alitaka shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 26 hiyo ni 7,800. Zingebaki shilingi 6,660.

Kibanda, kikifanya kazi asubuhi tu, kilimpa faida ya kama shilingi 350 kwa siku, yaani 9,100 kwa mwezi. Ukitoa shilingi 2,600 za shosho, zinabaki 6,500.

Bila kuhesabu ruzuku hata kidogo, ajira ilizidi kibanda kwa shilingi 160 kwa mwezi. Ukiongeza hofu ya kupoteza shilingi 2,000 za Inua Jamii, ajira inakuwa hasara ya zaidi ya shilingi 1,800. Niliiweka karatasi hiyo mbele ya kamati, na yule mzee aliisoma mara mbili kabla ya kuipitisha kwa wenzake.

Ajira ina faida ambazo hesabu hii haionyeshi. NSSF ni akiba ya uzeeni, mwajiri naye huchangia, na mfanyakazi ana likizo yenye malipo. Mama Baraka alizijua. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba uzee wake hauwezi kulisha watoto mwezi huu.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Tulikubaliana kutomshinikiza achukue ajira na kutopendekeza aondolewe. Badala yake tulichukua hatua nne, ambazo hazikuwa na uzito sawa.

Kwanza, tulitafuta tafsiri ya sharti la kipato cha kudumu. Mama Baraka alikuwa amewauliza watu wawili wenye dhamana na kupata majibu mawili yanayopingana: mmoja alimwambia biashara yoyote inayoonekana inatosha kumtoa, mwingine akamwambia kinachotazamwa ni ajira ya mshahara na pensheni. Tulipofuatilia tulipewa jibu la mdomo kwamba kibanda cha chakula si kipato cha kudumu. Tuliomba liandikwe. Halijaandikwa hadi leo.

Pili, tulimtafutia Baraka nafasi katika kitengo maalumu, yaani cha wanafunzi wenye ulemavu, cha shule ya msingi ya umma. Hili ndilo lililochukua nguvu nyingi, na ndilo lililobadilisha kila kitu. Kikwazo cha awali kilikuwa kumfikisha shuleni, kwa maana mtoto wa miaka 11 habebwi mgongoni kila asubuhi kwenye vichochoro vya Mukuru. Kiti cha magurudumu kilipatikana kupitia Baraza la Watu Wenye Ulemavu, na vijana wawili wa mtaa wakajaza mawe na kokoto kwenye mtaro mmoja ambao magurudumu yalikuwa yakikwama.

Tatu, walezi tisa wanaopokea ruzuku hiyo waliunda chama. Kila fedha zinapoingia, kila mmoja hutoa shilingi 500, na jumla hupewa mmoja wao kwa zamu. Mfuko mdogo wa dharura huwakopesha wanachama bila riba malipo yanapochelewa, ili wasiende kwa shailoki.

Nne, Mama Baraka alichukua namba ya biashara kwa jina lake mwenyewe. Hatukumlazimisha. Alifanya hivyo wiki mbili baada ya lile jibu la mdomo, na alituambia bado anaogopa.

Matokeo

Baraka alianza shule muhula wa pili wa mwaka 2025. Shule hiyo iko chini ya Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi ulioanza mwaka 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo wa mchana na gharama nyingine hubebwa na kaunti pamoja na mshirika wake, na mtoto huvaa bangili ya kielektroniki inayoguswa kwenye kifaa anapochukua chakula. Ndugu yake mdogo tayari alikuwa akila hivyo katika shule yake. Baraka sasa hulishwa na mhudumu wa kitengo chake.

Kwa mara ya kwanza Mama Baraka alikuwa kibandani saa saba mchana. Pakiti mbili za unga kwa siku zikawa tano. Niliketi pale mchana mmoja wa Juni: foleni ya watu wenye maovaroli ya buluu ilifika hadi kwenye duka la simu, kijana aliyeajiriwa kwa shilingi 200 alikuwa akiosha sahani kwenye karai, na kila baada ya muda simu ya mama ililia malipo yakiingia. Faida yake, baada ya kumlipa kijana, ilipanda hadi kama shilingi 750 kwa siku. Malipo ya shosho yalikoma siku za shule, jambo lililomuumiza shosho kidogo, na kwa makubaliano yao sasa humletea chapati mbili na maharagwe kila jioni. Binti mkubwa aliacha kukosa shule siku ambazo shosho aliugua.

Bado anapokea Inua Jamii. Deni la shailoki limekwisha, na mkopo wa Hasla aliulipa, ingawa kiwango chake cha kukopa kimepanda polepole mno.

Uchambuzi

Swali lililoletwa kwenye kamati lilikuwa kama ruzuku ilimzuia kufanya kazi. Katika kisa hiki jibu ni hapana, na tuna hesabu ya kulithibitisha: kilichofanya ajira isiwe na maana ni shilingi 7,800 za kumtunza mtoto, karibu mara nne ya ruzuku yenyewe. Yeyote anayetaka walezi wa namna hii waingie kwenye ajira rasmi aanze na mahali pa kuwaacha watoto. Kufuta shilingi 2,000 kusingemfikisha Mama Baraka kiwandani, kwa sababu hata ajira ikizidi kibanda kwa shilingi 160, hakuna mzazi anayemwachia mtu baki mtoto anayeweza kupaliwa kwa ajili ya shilingi 160.

Lakini ruzuku ilimzuia kukua, na hapa ndipo ninapotaka wanakamati wenzangu wasimame kwa muda mrefu. Mwanamke huyu hakupunguza jitihada; alizificha. Alikataa bango, alikataa kibanda cha pili, alikimbiza mauzo yake kwenye namba ya mtu mwingine, na kwa hiyo kwa miaka hiyo yote hakuwa na rekodi yoyote ya biashara ambayo taasisi ya mikopo ingeweza kuisoma. Hofu hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Orodha hufunguliwa kwa awamu. Ukitolewa leo kwa sababu umepata kazi, na kazi ikakatika baada ya miezi mitatu kama zinavyokatika nyingi za Viwandani, huna uhakika wa kurudi, na mtoto wako hajapona kwa sababu wewe uliajiriwa.

Anayetaka kuona nguvu ya sharti hilo hahitaji kwenda mbali, kwa kuwa jirani yake anatosha. Shosho anapokea shilingi 2,000 zilezile, kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Hakuandikishwa kwa kupimwa umaskini wake, aliandikishwa kwa umri. Kwa hiyo alipolipwa shilingi 100 kwa siku za kumtazama Baraka alizipokea mchana kweupe, akazitaja mbele ya chifu, na bado hufuga kuku wanne na kuuza mayai. Fedha ni zilezile, kutoka serikali ileile, katika ploti moja, zikipokelewa na wanawake wawili maskini. Mmoja anafanya kazi ndogo ndogo bila woga, mwingine anazificha. Tofauti iliyopo kati yao, kwa upande wa ruzuku, ni sharti.

Ziko nchi ambazo zimejaribu kuunda ruzuku inayotembea pamoja na kipato. Marekani, tangu 1975, ina nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo huongezeka kadiri mtu anavyopata zaidi, hufika kilele, kisha hupungua kidogo kidogo badala ya kukatika mara moja. Mfumo huo unategemea fomu za kodi ambazo mama wa kibanda wa Mukuru hana, na sipendekezi tuunakili. Lakini wazo la kushusha taratibu, pamoja na uhakika wa maandishi kwamba aliyetoka kwa sababu ya ajira atarudi orodhani ajira ikikatika, lingeweza kutekelezwa hapa kwa waraka mmoja wa utawala.

Kuhusu wakati wa malipo, kisa kinatufundisha jambo ambalo mwanzoni linaonekana kujipinga. Shilingi 8,000 za mkupuo zilimsaidia zaidi kuliko ambavyo shilingi 2,000 nne zingemsaidia, kwa sababu bunda la unga halinunuliwi vipande. Utafiti mkubwa wa ruzuku zisizo na masharti unaofanyika vijijini magharibi mwa Kenya kwa fedha za shirika la GiveDirectly ulipata matokeo yanayofanana na hayo: waliopewa fedha zote kwa pamoja waliwekeza kwenye biashara zaidi ya waliopewa kidogo kidogo kwa kipindi kifupi, na haukuonyesha kwamba watu waliacha kufanya kazi. Tofauti ni kwamba mkupuo wa Mama Baraka haukupangwa, ulitokana na kuchelewa. Mkupuo unaojulikana tarehe yake ni mtaji, na ule usiojulikana humpeleka mtu kwa shailoki kabla haujafika. Chama cha walezi tisa kimewapa mkupuo wanaoupanga wenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo hatua ya bei rahisi zaidi ambayo kamati nyingine yoyote inaweza kuiga kesho.

Dosari ileile ya wakati imo katika bima ya afya. Mtu asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa SHIF wa mwaka mzima, ambao hata kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600. Kwa kibanda hiki hizo ni karibu mabunda mawili ya unga yanayotoka kwenye mzunguko kwa siku moja.

Mlo wa shilingi 5 hauhesabiwi popote kama sera ya uchumi. Ulibuniwa ili watoto wale na wabaki shuleni, nao unafanya hivyo. Lakini kwa Mama Baraka, mlo huo pamoja na mhudumu wa kitengo maalumu vilimpa saa mbili za mchana, saa zenye thamani kubwa kuliko nyingine zote katika biashara yake, na ongezeko la kipato lililotokana nazo lilizidi ruzuku yake ya fedha kwa mbali. Tunapopima kama misaada ya serikali inafungua au inafunga riziki, tumezoea kuangalia fedha taslimu kwa sababu ndizo zinazoonekana na kuonewa wivu. Saa za mlezi hazionekani, na katika kisa hiki ndizo zilizokuwa ghali.

Ni haki nieleze pia mahali ambapo yule mzee wa kamati ana hoja. Kazi Mtaani iliposimamishwa mwaka 2022, nilifahamu vijana waliokaa zaidi ya mwaka wakisubiri irudi, wakikataa vibarua vya mjengo kwa matumaini ya kuitwa. Mama Baraka aliutumia mpango huohuo kununua jiko. Sidhani tofauti ilikuwa tabia peke yake. Yeye aliingia akijua atauza nini na wapi, ilhali wale vijana hawakupewa tarehe ya mwisho wala maelezo ya nini kinafuata. Mpango wa ajira ya muda usiosema utaisha lini humfanya mtu auhesabu kuwa kazi yake, na hilo ni kosa la mpango kabla halijawa kosa la kijana. Hata hivyo madhara yalikuwepo, na tukiyakana tutakosa kuaminiwa tunapotetea mengine.

Ambalo halijatatuliwa

Shule zilipofungwa Agosti 2025, kitengo maalumu kilifungwa pia, na mlo ukakoma. Mama Baraka alirudi kufunga kibanda saa sita, pakiti tano zikarudi mbili, na kijana wa kuosha sahani akasimamishwa kwa wiki hizo. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu zaidi, ikianza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba na kumalizika Januari, na ndiyo miezi ambayo viwanda huwa na vibarua wengi wanaohitaji chakula. Kamati inazungumza na kanisa moja lenye ukumbi na mama wawili waliowahi kufanya kazi katika kitengo hicho, ili watoto sita wenye hali kama ya Baraka watunzwe pale kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Wazazi wamekubali kuchangia shilingi 100 kila mmoja kwa siku. Chakula bado hakijapata mdhamini, na lile jibu la maandishi kuhusu kipato cha kudumu tumeliomba kwa barua ya tatu.